Lenzi Haipumui

Wanawake wengine wakishikwa na wivu hupekua simu. Mama Kobe alishikwa na wivu wa kipande cha plastiki, na plastiki haina simu ya kupekuliwa.

Tena si plastiki ya kutisha kwa kuitazama. Ilikuwa bapa, mviringo, nyeupe, upana wake kama kifuniko cha sufuria kubwa, imetobolewa matundu mamia kwa mamia, mengine membamba kama tundu la sindano, mengine yanapitisha kidole. Karakana nzima iliiita Chujio. Aliyeibuni, msichana aliyekuja pale mwaka uliotangulia na begi moja mgongoni, naye wakamwita Binti Chujio, na yeye akacheka akalipokea jina. Hilo nalo lilimuudhi Mama Kobe. Yeye alipopachikwa jina lake alinuna mpaka watu wakaanza kumletea chai bila kuagizwa.

Jina la Kobe lilitokana na lenzi zake. Karakana ile ilitengeneza antena, na kazi ya Mama Kobe ilikuwa kubuni lenzi za kukaa mbele ya antena hizo. Ukimwambia mtu lenzi, anafikiria miwani. Hizi hazina habari na mwanga. Zinayapinda mawimbi yale yanayobeba simu na intaneti, ambayo jicho haliyaoni. Nyuma ya lenzi kuna safu ya antena ndogo ndogo, zimepangwa kama watu kwenye benchi. Ukiwasha ya katikati, lenzi inayanyoosha mawimbi yake yanatoka mbele kama mwale mmoja. Ukiwasha ya mwisho kulia, mwale unaelekea kushoto. Ziwashe moja baada ya nyingine, na mwale unatembea, ilhali antena yenyewe imekazwa kwa bolti, haijasogea hata unywele. Ni kama jicho la jirani dirishani: kichwa hakigeuki, lakini kila apitaye njiani anasindikizwa mpaka kona.

Lenzi za Mama Kobe zilichongwa kutoka gogo moja la plastiki, nene katikati, nyembamba ukingoni, zimetuna mgongo. Kobe mtupu. Alizichora mwenyewe, akazisimamia kwenye mashine ya kuchonga, akazipiga msasa kwa mkono wake mpaka zikateleza kama sabuni. Hakuna antena iliyotoka pale bila kobe wake kifuani. Mpaka lilipokuja Chujio.

Na aliyemletea habari za Chujio nyumbani ni mumewe mwenyewe.

Mumewe alikuwa mpimaji wa karakana ile ile. Kila lenzi ikikamilika ilikwenda kwake, kwenye chumba walichokiita Chumba Bubu, apime mwale wake unaelekea wapi na una nguvu gani. Mtu mrefu, mpole, anayetoa maneno kama anayang'oa na mizizi. Lenzi ikiwa mbovu husema, "Rudisha." Ikiwa nzuri husema, "Inapita." Basi. Ndiyo maana walimwita Mzee Inapita. Aliipa inapita lenzi, akaipa mboga, akaipa nyumba waliyohamia. Hata siku binti yao wa mwisho alipozaliwa, mkunga alipomfunua mtoto na kusubiri baba afurahi, mzee aliinama, akatazama mbele na nyuma, akasema, "Anapita." Binti mwenyewe sasa amekua, na kila akigombana na baba yake humkumbusha.

Kwa hiyo Mama Kobe alikuwa amelizoea neno hilo, kama mtu anavyozoea kiti chenye mguu mmoja mfupi: unajua upande wa kuegemea, maisha yanaendelea. Hakuwahi kudai zaidi. Aliamini kabisa kwamba neno zuri zaidi ya hilo halimo kichwani mwa mumewe.

Jioni moja mzee anamenya chungwa mezani, akasema bila kuulizwa na mtu:

"Leo nimepima ile ya matundu."

"Ehe."

"Safi."

Mama Kobe akaweka kijiko chini. "Umesemaje?"

"Safi. Ukiupeleka mwale pembeni unabaki vile vile. Safi kabisa."

Binti yao akamgusa baba yake kwenye paji la uso. "Baba, una homa?"

Mzee akaendelea kumenya chungwa lake, hana habari kwamba ameuwasha moto na petroli bado ipo mkononi.

Tangu jioni ile Mama Kobe hakupumzika. Neno lilimfuata. Sabuni ya kufulia imeandikwa safi. Muuza maji anapita nje anaita, maji safi, maji safi. Alipokuwa anafua shati la mumewe alilisugua kola mpaka ikachanika, kisha akalianika na kulinunia.

"Mama," binti yake akamwambia, "unaonea wivu plastiki."

"Mimi? Wivu? Na plastiki?"

"Na ina matundu."

"Ondoka mbele yangu. Mwenye wivu ajinyonge."

"Ndiyo naogopa, mama. Nikafiche kamba?"

Ukweli ni kwamba Binti Chujio mwenyewe hakumtia Mama Kobe hofu. Alikuwa rika la binti yake. Kila asubuhi alipiga magoti nusu na kusema shikamoo mama, na mzee alimwita mwanangu. Mzee angependa msichana, Mama Kobe angejua la kufanya: angeita wifi wawili wenye midomo, na mambo yangeisha kabla ya chai kupoa. Lakini mume aliyependa mwale, utampeleka kwa nani? Utasema, wazee wangu, nimemkuta na mchoro?

Kama vile hiyo haitoshi, ikaja kazi ya reli.

Kampuni ya reli ilitaka antena za kusimika juu ya nguzo kando ya njia, ziwe zinawafuata abiria kwa mwale treni inapopita, ili mtu asikatikiwe na simu katikati ya maneno matamu. Nguzo zilikuwa nyingi, na lenzi itakayochaguliwa ingekaa kwenye zote. Bosi, mtu wa tai fupi na subira fupi zaidi, aliwaita Mama Kobe na Binti Chujio ofisini kwake.

"Zitapimwa siku moja, mbele ya mtu wa reli," akasema. "Itakayoshinda, mwenye nayo atashika meza ya lenzi. Mwenzake atafanya kazi chini yake. Sitaki manung'uniko."

Meza ya lenzi ilikuwa ile ya dirishani. Mama Kobe aliikalia tangu dirisha halijatiwa kioo. Droo yake ya kushoto hufunguka ukiipiga goti, na goti linalojua mahali pa kuipiga ni lake peke yake. Alitoka ofisini akaenda kuikalia kwa uzito, kama kuku aliyesikia mtu anaulizia mayai.

Ugonjwa wa kobe wake aliujua kuliko mtu yeyote. Mbele kwa mbele, hana mpinzani. Mwale unatoka mwembamba, mkali. Lakini ukimsukuma pembeni sana, mwale unanenepa na kupoteza nguvu. Na treni haiji mbele kwa mbele, inatokea pembeni na kupotelea pembeni. Akachora mgongo upya, akachonga, akapiga msasa, akachora tena. Kila jioni mezani alimsimulia mumewe: leo nimempunguza ukingo, lakini bado ananenepa, leo nimemkosea kiuno, nitarudia. Mzee alitikisa kichwa na kumenya chungwa.

"Na lile Chujio," akamchokoza siku moja, "pembeni lina nguvu kiasi gani?"

"Mambo ya kazini yabaki kazini, mama watoto."

"Ulipokuwa unasema safi kabisa, kazini palikuwa wapi? Si ulikuwa hapo hapo na chungwa lako?"

Mzee akachukua chungwa la pili.

Kilichommaliza kabisa Mama Kobe ni kitambaa. Binti Chujio alilifunika Chujio lake kwa kitambaa cha maua kila alipolibeba, kwa sababu vumbi likiingia kwenye matundu mawimbi hayapiti sawasawa. Sababu ya maana, na Mama Kobe aliielewa vizuri sana, lakini moyo wake haukutaka kuielewa. Moyo uliona bibi harusi aliyetiwa shela. Mumewe ameshamwona, Bosi ameshamwona, mpaka mfagizi ameshamwona, na yeye, mke mkubwa wa karakana, hajapata hata kumchungulia kwa karibu.

Siku ya kupima ikafika. Asubuhi ilikuwa zamu ya Kobe. Mtu wa reli, bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni na asiyeandika kitu, alikaa karibu na kompyuta ya mzee, koridoni nje ya Chumba Bubu. Mbele kwa mbele, mstari ulipanda kileleni kama mshale, na mtu wa reli akapiga mluzi. Pembeni kidogo, sawa. Pembeni sana, kilele kikavimba na kushuka, kama Mama Kobe alivyojua kitavimba na kushuka.

"Vipi?" Bosi akauliza.

"Inapita," akasema Mzee Inapita.

Mama Kobe akatazama pembeni. Alikuwa amevaa blauzi mpya kwa ajili ya neno hilo.

Saa ya chakula wote wakatoka. Chujio lilikuwa limeshafungwa juu ya mlingoti ndani ya Chumba Bubu, tayari kwa zamu ya mchana, na shela lake juu. Mama Kobe alisema hana njaa. Akabaki koridoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda mlangoni.

Chumba Bubu kilikuwa na mlango mnene kama wa jokofu la kuhifadhia nyama. Nje yake palikaa beseni la plastiki, na sharti lilikuwa moja kwa wote, Bosi na mfagizi: chochote cha chuma unakiacha humo, funguo, simu, mkanda, pete, maana chuma kinarudisha mawimbi na kuharibu vipimo. Na mtu pia, kwa kuwa ana maji mengi mwilini, hutoka kabla mlango haujafungwa. Mkono wa Mama Kobe ulivua pete ya ndoa na kuitupa kwenye beseni kwa mazoea, bila yeye kuuagiza. Akaingia.

Ndani, kuta zote, dari na sakafu zilijaa sponji nyeusi zilizochongwa kama meno marefu, za kumeza mawimbi yasirudi. Zilimeza na sauti. Ukiongea humo, neno linafia mdomoni. Taa moja. Katikati, mlingoti juu ya kiti cha kuzunguka, na juu ya mlingoti, yule bibi harusi.

Alikuwa ameshika pindo la kitambaa aliposikia kishindo cha hatua mlangoni.

Mtu mwenye akili angesema, karibu, nilikuwa natazama tu. Mama Kobe, mwenye akili za kuwagawia watu, alijificha. Kwenye kona palisimama ukuta mdogo wa sponji wenye magurudumu, wa akiba. Akajibana nyuma yake, tumbo ndani, blauzi mpya imenasa kwenye meno ya sponji.

Aliyeingia ni Binti Chujio. Akaondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akapuliza vumbi lisilokuwepo. Kisha akalinong'oneza Chujio, "Usiniaibishe, tafadhali. Nimeshamwambia mama yangu." Akatoka. Mlango ukajifunga, puh!

Watu husema fulani katoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mama Kobe alikuwa mjusi huyo, mlango huo, na macho hayo.

Mlango ungefunguka kwa ndani. Palikuwa na komeo la kusukuma. Lakini atoke aseme nini, na sauti za Bosi na mtu wa reli ameshaanza kuzisikia? Maana ukutani palikuwa na kipaza sauti kidogo, cha mtu wa nje kuongea na mtu wa ndani wakati wa kufunga lenzi, na Mzee Inapita hakuwa na tabia ya kukizima. Kila neno la nje lilimfikia.

"Tuanze," mzee akasema.

Kiti kikaanza kuzunguka taratibu, kinavuma kwa mbali kama nzi kwenye chupa. Nyuma ya ukuta wa sponji, Mama Kobe alikuwa salama. Mawimbi yangeishia kwenye sponji, hakuna ambaye angejua, vipimo vingekwisha, watu wangetoka, naye angetoka. Alichotakiwa kufanya ni kukaa. Lakini Chujio sasa lilikuwa halina shela. Na wivu una shingo ndefu.

Akatoa jicho moja. Halafu bega. Halafu akajikuta amesimama wazi kabisa, mikono imeachia, anatazama.

Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuuma. Matundu hayakutobolewa ovyo: katikati madogo na machache, yakaongezeka na kupanuka kuelekea ukingoni, kwa utulivu, kama kivuli kinavyofifia. Plastiki ikiwa na matundu mengi mawimbi huwahi, ikiwa na machache huchelewa. Yule mtoto alikuwa ametengeneza mgongo wa kobe bila mgongo. Alitazama ule ukingo, pale ambapo yeye alikuwa anapigana na unene tangu kazi ya reli itangazwe, akaona jibu lake limetobolewa pale, limetulia, linamzungukia mbele ya macho.

"Mzee," sauti ya Binti Chujio ikasikika kwenye kipaza sauti, "hicho kibonge kushoto kimetoka wapi?"

"Kipi?"

"Hicho. Juzi hakikuwepo."

Kiti cha mtu wa reli kikalia. "Maana yake nini?"

"Maana yake mwale unavuja," Bosi akasema. "Nusu ya nguvu inakwenda kusikohusika. Treni ipo huku, lenzi inaongea na mbuzi kule."

"Haiwezekani!" Binti Chujio akasema. "Jamani, nimeikagua mwenyewe, sio..."

Mama Kobe akaelewa. Kushoto ndiko alikosimama yeye. Kila Chujio lilipogeuka kumwelekea, mwale ulimpiga kifuani na kurudi. Kibonge kile kilikuwa yeye, na blauzi yake mpya. Hatua moja nyuma, arudi nyuma ya sponji, na mstari ungesafika wenyewe.

Hakurudi.

Sikiliza, hakupanga. Asingepanga. Lakini miguu ilisikia maneno ya Bosi, ikajifanya mizizi. Huku kwenye kipaza sauti mambo yakaenda haraka.

"Basi, hakuna la kungoja," Bosi akasema. "Tunachukua ya Mama Kobe. Pembeni imevimba kidogo, lakini haivuji."

"Mimi nataka isiyovuja," mtu wa reli akasema.

Kwenye kipaza sauti Binti Chujio akasikika anavuta kamasi. Na Mama Kobe, Mungu amsamehe, alisikia utamu. Akaiona meza ya dirishani. Akaiona droo na goti lake.

"Mimi bado sijasema," Mzee Inapita akasema.

"Useme nini zaidi? Si unaona mwenyewe?"

"Naona kibonge. Sijaona kosa."

Mvumo wa kiti ukabadilika. Chujio likazunguka polepole, polepole zaidi, likasimama. Lilisimama likimtazama Mama Kobe uso kwa uso, kama wake wenza wawili waliokutana kisimani. Na Mama Kobe, aliyekaa na mpimaji kuliko alivyokaa na mama yake mzazi, akajua mumewe anafanya nini. Amelielekeza kwenye kibonge, na sasa anautazama mstari.

"Huo mstari mbona unacheza?" mtu wa reli akauliza.

"Hauchezi bure," mzee akasema taratibu. "Unapanda. Unashuka. Unapanda. Kosa la lenzi linakaa mahali pake. Lenzi haipumui."

Mama Kobe akabana pumzi.

"Umetulia sasa," Bosi akasema.

"Ngoja kidogo."

Akajikaza kisabuni. Masikio yakaanza kuvuma, macho yakajaa maji, mishipa ya shingo ikasimama, na Chujio likaendelea kumtazama kwa matundu yake yote. Mwishowe kifua kikashindwa. Akavuta mbili fupi, akashusha moja ndefu, yenye mkwaruzo mwishoni. Ndivyo alivyopumua maisha yake yote akiwa na hasira, hasa akilala amempa mumewe mgongo.

Nje, mzee akakohoa. Kikohozi kile Mama Kobe alikifahamu.

"Paka?" Bosi akauliza. "Kuna paka humo ndani?"

"Hapana," mzee akasema. "Ni kitu changu."

"Kitu gani?"

"Kitu changu nimekisahau ndani. Kosa langu. Nisameheni, nikakitoe, tupime upya."

"Wewe?" Sauti ya Bosi ikapanda. "Wewe umesahau kitu kwenye Chumba Bubu? Mbele ya mteja? Sasa nitaamini vipi vipimo vyote ulivyonipa tangu uanze kazi? Hata vya asubuhi vya mkeo nitavitilia shaka!"

Mzee alikuwa hajawahi kusahau hata kalamu mle ndani. Kila antena iliyotoka pale ilitoka kwa sababu yeye amesema inapita, na watu waliamini, wakapanda juu ya nguzo wakaifunga. Hilo ndilo jina lake lote, hana lingine. Na sasa alikuwa analitandika chini kama mkeka, ili mkewe apite juu yake atoke kwa siri baadaye.

Binti Chujio alipokuwa analia, miguu ya Mama Kobe ilikuwa mizizi. Sasa ikang'oka yenyewe. Alisukuma komeo kwa mikono miwili, mlango ukafunguka, akatokea koridoni na kipande cha sponji nyeusi kimenasa kwenye blauzi.

"Si kitu," akasema. "Ni mimi."

Mtu wa reli akaangusha kalamu moja. Bosi akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, kama samaki anayeuliza njia.

"Mama," Binti Chujio akasema, "ulikuwa humo muda wote?"

"Muda wote."

"Ukasikia wanaikataa?"

"Nilisikia."

"Ungeniacha?"

Mama Kobe angeweza kutafuta uongo, na uongo mzuri ulikuwepo, mzee alikuwa ameshauanzisha. "Nilikuwa nakuacha," akasema. "Nilikuwa nimeshakuacha."

Binti Chujio akapangusa uso kwa kile kitambaa cha maua. "Asante kwa kusema kweli," akasema. "Lakini kesho sikuamkii."

"Usiniamkie."

"Na keshokutwa."

"Sawa, mwanangu."

Wakapima upya, Mama Kobe amekaa kwenye kiti mbele ya kila mtu, Bosi amemsimamia kama askari. Mbele kwa mbele, Chujio lilikuwa chini ya Kobe kidogo. Pembeni, sawa. Pembeni sana, pale treni inapotokea, mstari ulisimama vile vile, mwembamba, bila kibonge. Hata mtu wa reli, ambaye hakuelewa kitu, alielewa.

"Vipi, mzee?" Binti Chujio akauliza.

Mzee akautazama mstari. Akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Akajikuna kidevu.

"Inapita," akasema.

Mama Kobe akasonya mpaka mtu wa reli akashtuka. "Mwoga wewe! Mtoto wa watu amekuuliza." Akageuka kwa Binti Chujio, na maneno yakamtoka kama jino linavyotoka, kwa maumivu na nafuu. "Ni safi. Pembeni ni safi. Mimi nimeshindwa kuifikisha hapo."

Hivyo meza ya dirishani ikaondoka. Alihamisha vitu vyake jioni ile ile mpaka meza ya karibu na stoo, kwenye harufu ya gundi, na kabla ya kuondoka akamwonyesha Binti Chujio droo ya kushoto inapigwa goti wapi. Alimwonyesha pembeni kidogo ya pale penyewe. Kila mtu ana mipaka yake. Shikamoo ilirudi baadaye sana, na droo ikafunguka siku hiyo hiyo. Bosi alimpa onyo, na juu ya beseni mtu asiyejulikana akabandika karatasi: *Acha hapa funguo, simu, pete na wivu.*

Usiku huo mezani mzee alitia mkono mfukoni akatoa pete, akaiweka karibu na sahani ya mkewe.

"Niliiona kwenye beseni. Nikaiondoa kabla Bosi hajaiona."

"Kwa hiyo ulijua kabla ya pumzi?"

"Pete ilinitia shaka. Pumzi ilinipa jibu."

Mama Kobe akaivaa, akaizungusha kidoleni. Halafu likamtoka lile lililokuwa limemkaa kooni tangu jioni ya kwanza.

"Kobe wote wale. Hata mmoja hakuwa safi?"

Mzee akachukua chungwa. Akalimenya nusu nzima kabla ya kujibu.

"Kila kobe wako akinifikia, umeshanisimulia ugonjwa wake hapa hapa mezani. Huyu ananenepa, huyu nimemkosea kiuno. Mimi nikipima naona ugonjwa ule ule, na naona ulivyohangaika nao. Nitasema safi vipi? Ya yule binti nilikuwa sijui chochote. Mtoto wa mwenzako unamwona ameshaoga."

Mama Kobe akatafakari hayo. Yalikuwa na maana, na hayakumtosha. Wivu ulikuwa bado upo, umekaa tu chini kupumzika.

"Na mstari wangu?" akauliza, akijifanya anakusanya makombo. "Huo wa pumzi. Huo hujasimuliwa na mtu, umeuona mwenyewe. Ulikuwaje?"

Binti yao akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mzee akasimamisha kisu. Akafumba macho, akaukumbuka ule mstari: mbili fupi, moja ndefu, na ule mkwaruzo mwishoni. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake, likatambaa taratibu mpaka upande wa pili.

"Unapita," akasema.

Ganda la chungwa lilimpata sikioni.